Mzigo, Kwata na Afande: Mhadhara wa Mkumbara Kuhusu Jeshi na Uongozi

 

Lengo la mhadhara huu ni moja. Ni kuonyesha kwamba uongozi jeshini hupimwa kwa jinsi unavyomtendea mtu wa chini kabisa katika safu, yaani mpagazi, kuruta na mgambo. Silaha zitatajwa, nidhamu itatajwa, na majina ya majenerali yatatajwa pia. Lakini katika kila kisa kitakachosimuliwa leo, maswali yatakuwa yale yale: aliye chini amelishwa? Amefundishwa? Amepewa sababu ya kuwapo pale alipo?

Huenda mtu akauliza kwa nini mazungumzo ya jeshi yaletwe Mkumbara, mahali panapojulikana kwa mkonge, reli na barabara ya kwenda Moshi. Jibu liko chini ya miguu ya wasikilizaji. Semboja, mtawala wa Kikilindi wa karne ya 19, aliuacha mlima akaweka makao yake hapo jirani, Mazinde, kwa sababu njia ya misafara ilipita bondeni, na bunduki zilipita humo pamoja na vitambaa. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikasonga hadi Moshi. Hapa Mkumbara ndipo magogo kutoka msitu wa Shume yaliposhushwa kwa njia ya kamba za chuma, yakapakiwa kwenye mabehewa. Bonde hili lilikuwa mlango, na jeshi lolote lililotaka kuupanda au kuushuka upande huu wa nchi lililazimika kupita mlangoni.

Hoja ziko nne.

Hoja ya kwanza: jeshi hutembea kwa mgongo wa mtu

Mei 1916, katika vita ya kwanza ya dunia, Jenerali Jan Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza, aliteremka kutoka upande wa Kilimanjaro kwa kufuata mto Ruvu, ule ambao ramani huuita Pangani. Safu moja ilishika reli, nyingine ikashika mto. Tarehe 9 Juni walikuwa Mombo, na siku hiyo hiyo risasi zililia Mkalamo, mtoni. Kabla mwezi haujaisha Korogwe na Handeni zilikuwa zimeanguka, na tarehe 24 Juni mapigano yalihamia mto Lukigura. Ukiifuata safari hiyo kwa kidole kwenye ramani, ni ushindi wa mwezi mmoja.

Waliokuwa njiani waliiona vingine. Kusini ya mto, mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe wa kukokota. Magari yalizama kwenye mchanga na matope. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele ndivyo chakula kilivyobaki nyuma, na wakati wa Lukigura wanajeshi wagonjwa walikuwa wengi kuliko waliojeruhiwa. Mwezi Julai Smuts alilazimika kusimama. Adui aliyemsimamisha zaidi alikuwa njaa na homa.

Wajerumani nao walikuwa na shida iyo hiyo. Walitandika reli nyembamba ya toroli kutoka Mombo kwenda Handeni ili shehena iweze kuvuka kuelekea Reli ya Kati. Toroli hizo hazikuwa na injini. Zilisukumwa na watu, na pale reli ilipokoma mzigo ulipanda kichwani.

Hebu wasikilizaji wapige hesabu moja pamoja na mhadhiri, kwa sababu hesabu hii inaeleza vita nzima. Mpagazi hubeba kilo 25 hivi. Akila kilo moja ya unga kwa siku, na kambi anayoipelekea chakula iko mwendo wa siku 12, atakula kilo 12 akienda na 12 akirudi. Atakachomkabidhi askari kule mwisho ni kilo moja. Kwa hiyo ili kombania moja ishibe, vijiji vingi vilipaswa kutoa wanaume wake, na wanaume hao nao walipaswa kulishwa. Mnyororo huo ulipokatika, aliyekatwa kwanza posho alikuwa mpagazi.

Waingereza waliandikisha wapagazi na vibarua zaidi ya milioni moja katika kampeni hiyo ya Afrika Mashariki, na hesabu zao wenyewe zinakiri vifo karibu 95,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na mara nyingi chanzo kilikuwa sufuria: unga usioiva, chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, maji ya madimbwi. Oscar Watkins, ofisa aliyesimamia kikosi cha wapagazi cha Waingereza, alihangaika kuwatafutia lishe bora na matibabu, na pale yalipopatikana vifo vilipungua. Maana yake vifo vile vingeweza kuzuiwa. Palihitajika mkubwa wa kujali mapema. Mishahara ya maelfu waliokufa haikuwafikia ndugu zao kamwe.

Kumbukumbu yao imebaki midomoni kuliko kwenye mawe. Kila anayekwenda Dar es Salaam kununua vitu Kariakoo analitaja jeshi la wapagazi bila kujua, kwa kuwa jina hilo ni masalia ya jina la Kiingereza la kikosi chao, na Nairobi wana Kariokor yao. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamsimamisha juu ya nguzo askari mwenye bunduki. Ile ya Nairobi inamweka mpagazi ubavuni mwa askari. Sanamu ya Nairobi inauonyesha ukweli ambao kila ofisa mwanafunzi angepaswa kuupitia na kuutazama kabla ya kuvishwa nyota.

Hoja ya pili: mafunzo ndiyo humfanya mtu asimame

Novemba 2, 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa na jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Mji ulikuwa karibu mtupu. Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alikuwa upande wa Moshi na kombania zake. Alizipakia kwenye treni, zikateremka bonde hili zima usiku na mchana, zikapita stesheni ya Mkumbara, zikashuka Tanga. Waliokusanyika kuulinda mji walikuwa kama 1,000 tu. Siku ya tarehe 4 ilipokwisha, jeshi la watu 8,000 lilikuwa limerudishwa ufukoni. Tarehe 5 lilipanda meli zake na kuacha nyuma bunduki 16 za rashasha na risasi zipatazo 600,000.

Masimulizi ya pwani huwapa nyuki sifa ya ushindi ule, na ni kweli nyuki waliovurugwa mizingani waliwauma watu wa pande zote mbili. Lakini sababu kubwa ilianza mbali na mizinga. Askari wengi waliotoka India walikuwa wamebanwa melini kwa wiki kadhaa, baadhi wakiwa na silaha walizokabidhiwa karibu na safari, na vikosi vilivyopangwa pamoja vilikuwa havijawahi kufanya mazoezi pamoja. Mkuu wao, Jenerali Aitken, hakutuma watu wa kutosha kuchungulia mbele. Upande wa pili, kombania nyingi zilikuwa na bunduki za mtindo wa 1871, zinazotoa moshi hadi mpigaji akajulikana alipo. Ila askari wale walikuwa wameishi pamoja kwa miaka. Kila mmoja alijua atakayesimama kuliani kwake na sauti ya ombasha wake, yaani koplo, porini. Bunduki kuukuu mikononi mwa watu waliofundishwa pamoja ilishinda bunduki mpya mikononi mwa wageni wa safu.

Kisa cha pili ni chetu wenyewe, na wapo wazee humu ndani wanaoweza kukieleza vizuri zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo, na nia ipo. Jeshi lililokuwa dogo likapanuliwa kwa miezi michache hadi kuvuka watu 100,000, kwa kuwaingiza askari polisi, magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na makumi ya maelfu ya mgambo kutoka mikoa yote. Wakulima waliacha majembe shambani, wakafundishwa upesi, wakapanda malori kuelekea kaskazini magharibi.

Machi 10, 1979 Brigedi ya 201, iliyojaa mgambo ambao hawakuwa wameonja vita, ilikuwa Lukaya, kwenye barabara ya kwenda Kampala inayokatiza kinamasi. Walibya waliokuja kumsaidia Amin walifyatua makombora ya katyusha. Mengi yaliwapita juu. Hata hivyo ule mlio haukuwa na mfano wa kitu chochote walichowahi kukisikia, na wengi walikimbia. Usiku huo haukupotezwa kwa lawama. Waliotawanyika walikusanywa na kupangwa upya, na makamanda wao wakashughulika kuwatia moyo. Brigedi ya 208 iliamriwa izunguke mbali na kuikata barabara kwa nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 adui alijikuta katikati. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa imetekwa.

Funzo la Lukaya lisichukuliwe kuwa mgambo ni mwoga. Mtu yule yule aliyekimbia Jumamosi jioni alipigana Jumapili asubuhi. Kilichobadilika ni mpango, sauti ya kiongozi aliyeonekana kwa macho, na ujuzi kwamba mlio ule huweza kupita bila kuua. Kwata inayowachosha vijana juani ina kazi hii: kuufundisha mwili jambo la kufanya wakati akili imeshikwa na hofu. Mafunzo yasiyomsikilizisha kuruta sauti ya vita yanamwachia adui kazi ya kumfundisha.

Hoja ya tatu: askari lazima ajue anamtumikia nani

Hapa panahitaji kusimama kidogo, kwa sababu askari waliosifiwa kwa Tanga walimtumikia mtawala wa kigeni. Kapteni Tom von Prince aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba. Wazee wa Usambara walisikia habari zake kwa jina la Sakarani, na shamba lake la mlimani lilibeba jina hilo. Ndiye aliyeivamia ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, huko Kalenga mwaka 1894, na aliyeongoza msako uliomfikisha Mkwawa kwenye kujiua mwaka 1898. Bunduki zilizofanya kazi hiyo zilishikwa na Waafrika: Wasudani walioandikishwa Misri, watu wa Msumbiji, na baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na wengineo wa nchi hii hii.

Walipewa mafunzo, walipewa mishahara mizuri kuliko ya wengi, na walipewa heshima. Hawakupewa nchi. Baada ya mwaka 1916 baadhi yao walivuka wakaandikishwa katika kikosi cha sita cha King's African Rifles, wakawapiga mabwana zao wa jana. Katika vita ya pili ya dunia Watanganyika wapatao 87,000 waliingia jeshini, wakaenda Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliporudi walikuta foleni na vyeo vile vile vya kikoloni.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 jeshi lilibadilishwa jina likawa Tanganyika Rifles, lakini waliotoa amri juu walibaki karibu wote Waingereza. Kambi kubwa ya Dar es Salaam iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya pigano la Ethiopia la mwaka 1941. Januari 20, 1964 askari wa Colito waliasi wakidai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Siku ya pili waliasi na wa Tabora. Serikali changa iliyumba, hadi Januari 25 wanamaji wa Kiingereza walipoitwa kuwanyang'anya silaha. Kwa taifa la miaka miwili, kuomba msaada kwa mtawala wa jana ilikuwa fedheha kubwa, na Mwalimu hakuificha.

Uasi ulikuwa kosa, na waliouongoza walishtakiwa. Lakini uongozi wa nchi ulitazama pia shina lake: jeshi lilirithiwa bila kuulizwa ni la nani. Kwa hiyo lilivunjwa lote. Wakati kikosi cha Nigeria kikishika ulinzi, vijana waliandikishwa upya, wengi kupitia TANU Youth League na Jeshi la Kujenga Taifa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, aliyesomea uofisa Sandhurst, na umri wake ulikuwa miaka 30 hivi. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Agosti 17, 1891 wapiganaji wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Emil von Zelewski.

Watu wa bonde hili wana fungu lao katika jina hilo. Zelewski ndiye yule yule ambaye mwaka 1888 alipandisha bendera ya kampuni ya Wajerumani mji wa Pangani na kuwasha vita ya Abushiri. Mji huo uko mwisho wa mto huu unaopita Korogwe. Kuruta anayepita leo lango la Lugalo anapita chini ya jina la watu waliojua walikuwa wanalinda nini.

Hoja ya nne: kambi ni shule, na lugha yake ni yetu

Neno "afande" lina safari ndefu. Lilitoka kwa Waturuki, likakaa katika majeshi ya Misri, likaja pwani yetu na Wasudani walioletwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889, likiwa na maana ya bwana mkubwa. Leo binti wa kidato cha sita kutoka Handeni humwita hivyo koplo anayemfundisha kulenga shabaha. Neno "mgambo" halikusafiri. Ni la kwetu: ni mwito wa kuwakusanya watu, ndiyo maana likilia la mgambo lina jambo. Jeshi letu limeyaweka maneno haya mawili pamoja, lile la cheo na lile la mwito wa kijiji, na amri hutolewa kwa lugha ambayo Mzigua, Msambaa, Mmakonde na Mkurya huielewa sawasawa.

JKT ilianza Julai 10, 1963. Mwaka 1966 sheria iliwalazimisha wasomi kuitumikia, na Oktoba ya mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuipinga hadi Ikulu. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400. Ugomvi ule ulihusu swali la mhadhara huu: je, aliyesoma ana haki ya kuwekwa mbali na jembe na mzigo? Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Mkoa wetu una kambi ya Mgambo huko Handeni na ya Maramba huko Mkinga, na kila mwaka vijana wa mikoa ya mbali hushuka humo na mabegi yao.

Wanayojifunza humo yanazidi mchakamchaka na kwata. Mtoto wa mkubwa hushika fagio ubavuni mwa mtoto wa mkata mkonge. Hupika sufuria ya watu mia, na hapo hujifunza kwa mikono yake kile kilichowaua wapagazi wa 1916. Atakayekuwa ofisa baadaye, akapita Chuo cha Monduli, ataamuru watu ambao maisha yao aliwahi kuyaishi.

Uzito wa jambo hili umeonekana hata nje ya mipaka. Mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyosaidia kuwashinda waasi wa M23 mashariki mwa Kongo iliongozwa na Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Desemba 7, 2017 kambi ya walinda amani wetu ilishambuliwa Semuliki, Kivu Kaskazini, wakafa askari 14. Walikuwa wakiwalinda wanavijiji wasiowajua, wengi wao wakizungumza nao kwa Kiswahili.

Yaliyo mbele

Ndugu Mwenyekiti, mhadhara huu unaomba mambo matatu yafanyike katika wilaya hizi mbili, Korogwe na Handeni.

La kwanza ni daftari. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipopanda lori la Kagera sasa ni mzee. Kila kata ya Korogwe na Handeni iandike majina ya waliokwenda, waliorudi, na waliozikwa Kaboya mkoani Kagera, pamoja na kazi waliyofanya: mpishi aandikwe, dereva aandikwe, mbeba majeruhi aandikwe. Na kama ipo familia inayokumbuka babu aliyechukuliwa upagazi mwaka 1916, jina lake liwe ukurasa wa kwanza.

La pili ni alama. Njia ya toroli ya Mombo na Handeni ifuatiliwe na wanafunzi wa historia wakiongozwa na wazee wanaoijua nchi, na pawekwe vibao palipo na dalili zake. Stesheni ya Mkumbara nayo ipate kibao kinachosema ni nani waliosukuma, pamoja na ni nani walioamuru.

La tatu ni mafunzo ya mgambo yanayofanyika katika kata zetu. Washauri wa mgambo wa wilaya zote mbili waongezewe siku za huduma ya kwanza, usafi wa maji na upishi wa watu wengi. Mafuriko ya bondeni huja na barabara hukatika. Siku hiyo mgambo ndiye atakayefika kabla ya jeshi lolote.

Daftari la kwanza limeletwa leo, liko mezani pale karibu na mlango, bado halina maandishi. Vijana wanne wanaosubiri JKT wamekubali kukaa nalo hadi jua lizame, na wazee wenye majina ya kutaja wanaombwa waanze na wale ambao hawakuwa na cheo.